Tawi la Jirikiti Kutoka Wanale

Nimefika. Tawi limefika. Dada yangu Khainza ni mzima, mimi ni mzima, na goti langu linauma vilevile kama lilivyokuwa likiuma kabla sijaondoka. Nyinyi mlioniuliza sokoni, bombani, na hata kanisani wakati wa maombi, jibu ndilo hilo. Lakini nawajua watu wa mtaa huu wa Mpumudde, mtasema nimeficha kitu. Basi nimechukua daftari la mjukuu na ninaandika yote mara moja, kila mtu ajisomee, nisiendelee kueleza mpaka mate yanikauke. Mimi shule niliacha darasa la tatu. Asiyependa mwandiko wangu aje aandike yeye.

Kwa nini niliondoka

Wengine wenu mnajua kwa nini, maana ni nyinyi mlioua jirikiti langu la langoni. Siwataji. Mnajijua.

Mti ule aliuleta mama yangu siku nilipoolewa na askari magereza nikaja kukaa Jinja. Alikuja na tawi refu kama jembe, akalichomeka mwenyewe ardhini, akasema: "Mbegu ni mtoto wa mti. Tawi ni mti wenyewe. Sasa niko hapa." Ulikua. Kila mwaka ulikuwa unadondosha majani yote, unabaki mifupa na miiba, mpita njia anadhani umekufa, halafu wiki moja tu, mwekundu mtupu! Hauna jani hata moja, maua tu, na ndege wale wadogo wanaonyonya maua wanagombana humo tangu asubuhi. Marehemu mume wangu hakuwa mtu wa maneno mazuri, lakini wakati huo alikuwa anahamisha kiti chake kutoka barazani na kukiweka mahali pa kuuona.

Na dawa mnaijua. Mtoto akivimba mashavu kwa matubwitubwi, mama alikuwa anamtwika kuni kidogo kichwani, mtoto anazunguka jirikiti, anaziacha kuni pale, anarudi nyumbani bila kugeuka nyuma. Gome linachemshwa kwa macho ya manjano na kwa tumbo linalosokota. Likikaushwa na kusagwa, wanapaka mahali palipoungua. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ni za watoto kuchezea bao, lakini ole wake anayezivunja na kuzila, hiyo ni sumu. Nami nimewaambia siku zote, mtoto akiwa na homa kali apelekwe hospitali kwanza, mje kwangu baadaye.

Mama alikuwa na amri mbili. Ya kwanza, gome linachukuliwa upande wa jua kutoka na upande wa jua kuzama tu, upana wa kiganja, kisha unapaka udongo kwenye kidonda cha mti. Ya pili, dawa haishukuriwi. Mtu akisema asante, mama alikuwa anamfokea kwa sauti kubwa. Alisema dawa ikisikia asante inadhani kazi imekwisha, inarudi kwao.

Mwaka jana matubwitubwi yalipoingia huku, mimi nilikuwa matangani. Niliporudi nikakuta mmelimenya jirikiti pande zote, kuzunguka, kama muwa. Mti ukivuliwa namna hiyo hauna la kufanya. Ulikauka umesimama.

Ukabaki mmoja tu, ule wa kwa mama, kwenye mteremko wa mlima Wanale, juu ya mji wa Mbale, anakokaa Khainza. Halafu siku ya Jumatano Mafabi, mtoto wa Khainza, akapiga simu: "Mama mkubwa, Jumamosi watu wa msumeno wanakuja kukata jirikiti." Sikumwuliza kwa nini. Nilijua Khainza anataka kujenga pale. Nikampigia Khainza, nikamwambia neno ambalo sasa naliandika kwa aibu. Nilimwambia: "Umemaliza kumzika mama, sasa unamkata." Nikakata simu kabla hajajibu.

Jinja hadi Iganga

Alhamisi asubuhi nilifunga panga ndani ya kabuti la magereza la marehemu, nikapanda boda. Kijana wa boda, anayemwita kila bibi jaja, akaliona panga.

"Jaja, unakwenda vitani?"

"Nakwenda kwa dada yangu."

"Ah, basi ni vita."

Nikamwambia aangalie barabara.

Kwenye basi nilikaa dirishani. Mwanamke mmoja alikuwa ameweka kuku wake mahali pa miguu yangu, nikamwambia kwa Kiswahili, "Mama, ondoa kuku wako." Mnajua Kiswahili changu kilivyo, ni cha nyumba za askari. Basi zima likanyamaza. Mzee mmoja wa Kisoga aliyekuwa anacheka na mwenzake akafunga vifungo vya shati lake. Kuku akaondoka. Mpaka leo hapa kwetu ukisema Kiswahili kwa sauti, watu wazima wanadhani ni wanajeshi wa zamani wamerudi kutafuta silaha.

Kabla ya Iganga polisi walisimamisha basi. Askari mmoja kijana akapapasa kabuti, akatoa panga.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kukata tawi la dawa, afande."

"Mama, kwenye basi hairuhusiwi."

"Basi nikate kwa meno?"

Akaliangalia kabuti, akaona vifungo. "Hili ni la nani?"

"La mume wangu. Alilivaa mpaka alipostaafu."

Akasimama wima kama ameitwa na mkubwa wake, lakini panga hakulirudisha. Alisema amri ni amri, nilichukue nikirudi. Nikamuuliza jina, akaniambia. Nikamwambia, "Nitakukumbuka." Nadhani alidhani ninamtisha. Sikumtisha, nilikuwa nakariri tu.

Kwa hiyo nilikwenda kukata tawi bila panga.

Iganga hadi Mbale

Karibu na Namutumba gurudumu lilipasuka. Dereva hakuwa na la akiba, akapanda boda kwenda kulitafuta. Tulikaa kando ya barabara saa nne nzima. Nilikula mahindi ya kuchoma mawili na ndizi moja ya gonja, na yule mama wa kuku akaja kukaa karibu yangu, akanipa karanga. Kumbe alikuwa na huzuni yake, anampeleka kuku kwa binti aliyejifungua, anaogopa mkwe hatampokea. Nikamwambia afike, aweke kuku chini, akae. Mkwe atamfukuzaje mtu aliyekwisha kukaa? Alicheka. Lakini mimi moyoni nilikuwa nahesabu: leo Alhamisi, msumeno ni Jumamosi, bado nina kesho.

Tulifika Mbale giza linaingia. Nililala kwa mwanamke Mwislamu anayeuza vitenge karibu na stendi. Baba yake na mume wangu walikuwa pamoja kambini zamani. Alinipa chai ya tangawizi na chapati tatu, na hakuniuliza swali hata moja mpaka nimeshiba. Huyo ni mtu.

Mbale hadi Wanale

Ijumaa niliamka mapema. Kutoka mjini unauona ukuta wa Wanale umesimama upande wa jua kutoka, maji yanateremka kama nyuzi nyeupe. Nilifurahi, nikasema baada ya saa moja nitakuwa nimefika.

Nilisahau kwamba huu ni mwaka wa tohara.

Abiria tuliteremka njiani mahali barabara inapoanza kupanda, maana hakuna gari lililoweza kupita. Barabara ilijaa watu, kijana wa kutahiriwa yuko katikati na njuga mapajani, unga usoni, ndugu zake wote na fimbo juu wanaimba. Mimi ni mtoto wa huku, najua hukatizi kundi kama hilo. Nikasimama kando. Lakini kwa sababu ya goti nilikuwa nimeokota fimbo ndefu ya kutembelea, na mwanamke mmoja mnene mwenye jasho akaiona fimbo, akaniona na mvi, akapiga kelele:

"Kukhu, bibi wa upande wa mama, amefika! Ndiye huyu! Tulikuwa tunamngoja!"

"Mimi si kukhu wake!"

"Wote wanasema hivyo! Njoo!"

Wakanishika mikono. Nawaambia kweli, nilicheza. Kilomita nzima nilicheza, kuelekea upande usio wangu, na kila nikisema mimi nakwenda kukata tawi, wao wanajibu kwa wimbo. Nyumbani kwa yule kijana wakaniketisha mahali pa heshima, wakaniletea malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyopikwa na karanga, chakula nisichokionja tangu mama afe. Nilikula. Mwenye kunihukumu anihukumu. Kisha kukhu wa kweli akafika, mwembamba, mkali kuliko mimi, akasimama mbele yangu.

"Nani amekalia kiti changu?"

"Mimi, na samahani, na malewa yako nimeyamaliza."

Akanitazama. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akanitafutia kijana mwenye pikipiki anipandishe. Lakini saa sita ilikuwa imepita.

Kwa Khainza

Nilisikia ukimya kabla sijaona kitu. Mahali penye watu wa msumeno pana kelele. Hapakuwa na kelele.

Jirikiti lilikuwa limelala.

Watu wa msumeno walikuwa na tohara yao nyumbani Jumamosi, kwa hiyo walikuja Ijumaa asubuhi, wakamaliza wakaondoka. Mti ulikuwa umelala uani na maua yake yote, mwekundu juu ya udongo, na wale ndege wadogo walikuwa bado wanakuja. Wanapaa juu pale mahali maua yalipokuwa, wanakosa, wanateremka chini kuyatafuta kwenye nyasi. Nilisimama na fimbo yangu. Sikulia. Nilikaa tu chini.

Khainza akatoka ndani. Amezeeka. Sikujua kama amezeeka hivyo, kwenye simu sauti haizeeki.

"Umefika, mama askari."

"Mmeshamaliza."

"Njoo uone kitu."

Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya kisiki. Ardhi ilikuwa imepasuka. Si ufa wa kiangazi, ni mpasuko wa mlima unaotaka kuteremka, tangu mvua zile kubwa. Nikatia mkono, ukaingia mpaka begani. Mizizi ya upande wa juu ilikuwa hewani. Na mti ulikuwa umeinamia nyumba, chumba wanacholala wajukuu.

"Nililala macho wazi miezi miwili," Khainza akasema. "Upepo ukivuma nawatoa watoto nje. Ulitaka niendelee?"

"Mafabi hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Mimi nikishindwa huwa natafuta kosa lingine. Nikaliona. Kwenye ukuta wa jiko, kivulini, lilikuwa limesimamishwa tawi, refu kama jembe, limekatwa vizuri kwa kisu cha mama. Limekauka. Kidonda chake kimekunjamana kama mdomo wa mzee asiye na meno.

"Hili nini?"

"Lako. Nililikata Jumanne, kabla hujapiga simu yako."

"Jumanne! Na likaachwa bila maji? Khainza, wewe umenikatia kuni!"

"Mama alikuwa anasubiri kidonda kifunge," akasema taratibu. "Wiki nzima anasubiri. Likipandwa na kidonda kibichi linaoza."

"Mama alinipandia mimi mwenyewe, niliona kwa macho yangu!"

"Uliona siku ya kupanda. Wewe uliolewa mapema, ukaenda kula posho ya serikali. Mimi ndiye niliyebaki nikaona siku nyingine zote."

Basi niliomba kisu cha mama, nikakata tawi langu mwenyewe kutoka kwenye mti uliolala, bichi, linatoa maji. Nikalifunga kwa gunia lililoloweshwa, na juu yake kavera mbili za plastiki. Khainza alinitazama tu. Siku mbili nilizokaa kwake tulizungumza habari za maharage, na habari za goti langu, na goti lake. Jumapili nilipoondoka, aliingiza lile kavu chini ya kwapa langu bila kuniuliza.

"Lichukue hivyohivyo," akasema. "Fimbo yako imevunjika."

Nililichukua kwa sababu kweli fimbo yangu ilikuwa imevunjika.

Mbale hadi Mpologoma

Basi la kurudi lilikwenda vizuri mpaka penye kinamasi cha Mpologoma. Huko maji yalikuwa yamepanda barabarani, malori yamesimama pande zote mbili. Wakasema yatapungua baada ya saa moja. Yalipungua Jumanne.

Nilimkasirikia kila mtu. Nilikasirikia maji, dereva, na mtu aliyekuwa anauza soda za moto. Kila nilipohesabu siku niliona tawi langu linakufa, na jirikiti la mama linakwisha duniani kwa sababu ya madimbwi. Nilimwagia gunia maji asubuhi na jioni.

Mama mmoja mkulima wa mpunga, mjane kama mimi, alinichukua kwake. Jina lake sikuliandika, nalijuta. Alinilisha kambale wa kukausha kwa moshi, na viazi vitamu, na mchele wake mwenyewe wenye vijiwe. Ua wa nyumba yake ulikuwa jirikiti tupu, vijiti vilivyopandwa kwa mstari vikawa miti, na ilikuwa imechanua. Asubuhi jua likitoka nyuma ya mpunga, ua wote unawaka, na kambale wake wananing'inia mbele. Nilitoka na kikombe cha chai nikasahau kukinywa.

Alinionyesha mkono wake, ulikuwa na kovu la mafuta ya moto kutoka kiganja mpaka kiwiko, laini.

"Unga wa gome hili," akasema. "Wa upande wa jua kutoka."

"Na wa jua kuzama."

"Na wa jua kuzama," akakubali, tukatazamana kama watu waliosoma shule moja.

Jumatatu jioni alinusa, akazunguka nyumba, akasimama mbele ya mzigo wangu.

"Jaja, kuna kitu kimekufa humo."

"Ni tawi. Nalitunza."

"Unalitunza nini?"

Nikafungua. Gome lilikuwa na utelezi, linanuka kama mtungi wa pombe ulioachwa. Nikafunga tena haraka. Nikaliongezea maji. Ndiyo, niliongeza. Mtu mwenye miaka yangu akishakosea mbele ya dada yake, hakubali kwa siku moja.

Lile la Khainza lilikuwa limesimama mlangoni, kavu. Nililitumia kufukuzia bata.

Iganga hadi nyumbani

Jumanne maji yalishuka. Tulipokwisha kupita Iganga mjini nikamwambia dereva asimame kwenye kile kizuizi cha polisi. Akakataa. Nikarudia kwa Kiswahili. Akasimama.

Yule afande kijana alikuwepo. Aliniona, akakimbilia kwenye kibanda chao, akatoka na panga limefungwa kwenye gazeti. Alikuwa amelinoa.

"Mama, nilikuwa naogopa hutarudi."

"Mimi narudi siku zote," nikamwambia. Lakini nilifurahi. Nilikaa kwenye kiti changu na panga mapajani, nikatabasamu peke yangu mpaka Jinja.

Jioni ileile nilipanda. Lile bichi nililipa mahali pa heshima, langoni, pale lilipokuwa jirikiti la kwanza. Lile la Khainza nililichomeka nyuma ya bafu, bila hata kuchimba vizuri, nikarudi ndani.

Mliliona la langoni. Mlikuwa mnapita mnasema, "Jaja, linaendeleaje?" Nikasema vizuri. Wiki ya pili nililishika, likainama. Wiki ya tatu nikalivuta kwa vidole viwili, likatoka ardhini kama jino bovu, jeusi mpaka katikati. Sikuwaambia. Nilisubiri mpite wote, nikalitupa shimoni. Usiku ule sikula.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda kuoga asubuhi. Nikatoka na kanga na ndoo, na maji bado masikioni. Kwenye lile kavu, juu kidogo ya goti langu, palikuwa na kitu kidogo cha kijani kimejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Nikainama. Goti likalia. Nikakaa chini kwenye tope na kanga yangu ya kuogea, nikalitazama mpaka maji yakakauka mwilini.

Kwa hiyo msisimame langoni tena kutafuta jirikiti. Liko nyuma ya bafu, na njia ya kwenda huko inapita mbele ya kiti changu, na panga langu limenolewa na serikali. Likifika wakati wa gome, miaka mingi kutoka sasa, mtaomba. Jua kutoka na jua kuzama, upana wa kiganja.

Kisha nilimpigia Khainza. Ndiyo sehemu mnayoitaka zaidi, najua.

"Limechipua," nikasema.

Nilisikia kuku wake.

"Lipi?"

"Unajua lipi." Kisha nikasema lile lililokuwa limenikaa kooni tangu Wanale: "Khainza, lile neno la kwenye simu nililisema vibaya. Wewe hukumkata mama."

"Nimesikia."

Nikavuta pumzi niseme neno jingine. Yeye ananijua tangu tukiwa tunalala mkeka mmoja.

"Usithubutu," akasema. "Litarudi huku."

"Sisemi."

"Vizuri."

Tukakaa hivyo, kila mtu na simu sikioni, na hakuna anayekata. Mwishoni akauliza:

"Jani limetokea upande gani?"

Nikatoka nje tena kuangalia, ingawa nilikuwa najua.

"Upande wa jua kutoka," nikamwambia. "Upande wako."